Nilivyocheka Jukwaani

Kwako dada Lorraine,

Huku Ohio baridi imeshika, ila goti langu limepata nafuu kidogo. Tangu mwanangu Curtis awe kocha mkuu wa futiboli pale chuoni, timu haijashinda hata mechi moja. Jumamosi, mama mmoja aliyenifunika blanketi lake jukwaani alifoka, "Kocha gani huyu, kichwa maji! Kwani hana mama wa kumwambia ukweli?" Watu wakaangua kicheko. Nami, dada, nikacheka nao. Kugeuka, namwona Denise, mke wa Curtis, amempakata mtoto, ananitazama.

Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, akaninong'oneza, "Curtis ameuliza ulivyokuwa jukwaani, mama. Nimemwambia umemshangilia mpaka sauti imekukauka."

Mdogo wako, ninayeona haya hata kukuandikia,
Earline