Kofia ya Baba Somoe Bado Ninayo

Ijumaa. Ukungu umeifunika Newala tangu alfajiri, na hata sasa watu wametoka msikitini bado haujaamua kuondoka. Baridi ya kuvaa koti juu ya koti.

Na mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote, kuanzia huku juu mpaka Masasi nilikozaliwa. Shimo limeporomoka, mimi niko juu nakunywa chai. Sikupata hata mkwaruzo. Nakula nashiba, nalala usingizi wa mtoto mchanga, naamka naimba. Waulizeni majirani.

Kwa anayepita kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni fundi wa visima vya nyumbani. Huku maji ni ya kutafuta, kwa hiyo mwenye nyumba ya bati huchimbiwa shimo uani, linasakafiwa kwa saruji, mvua ikinyesha maji ya paa yanaingia humo, na familia inayanywa kiangazi kizima. Nusu ya mashimo ya mtaa wangu nimeyachimba mimi. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini nimekaa Dar, nimevuka Ruvuma nikaishi Msumbiji, na Kireno nakijua cha kutosha kugombana baa na kupatana palepale. Kote huko sijaona jambo lisilochekeka.

Tena mimi ni mtani. Ukoo wangu na ukoo wa Baba Somoe wa Mkunya ni watani tangu enzi za mababu. Maana yake msiba ukiwafika, kazi yangu ni kuwachekesha. Nazuia jeneza lisipite, naiga marehemu alivyotembea na alivyosema, naingia kaburini najilaza, natangaza kwamba sitoki mpaka nipewe changu. Mgeni akiona anadhani wendawazimu umeingia kijijini. Sisi tunajua aliyefiwa akicheka kidogo, anapumua.

Baba Somoe alikuwa pia mwenzangu wa kazi. Mmoja yuko chini na jembe, mmoja yuko juu anavuta ndoo, halafu mnabadilishana. Siku ile zamu yangu iliisha, nikapanda, akashuka yeye. Kabla ya kushuka alikohoa kile kikohozi chake, mara mbili, kikavu, kama anapiga hodi kwenye koo lake mwenyewe. Akasema, "Haya, wakubwa tukafanye kazi." Mimi nikachukua kikombe.

Udongo haukupiga kelele. Watu hunitaka niwaeleze kishindo, na mimi huwapa kishindo, maana hadithi inakitaka. Lakini ulitoa sauti ya mtu anayemimina mchele kwenye ungo.

Basi.

Tulimfukua sisi wenyewe, kwa mikono na kwa sufuria, na tulichelewa. Kesho yake tukaenda kumzika Mkunya, na mimi nilikuwa mtani. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nani amwulize muadhini kama anaweza kuadhini?

Nikavaa kofia yake. Nikakohoa mara mbili, kikavu, nikasema wakubwa tukafanye kazi. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Mama Somoe, mjane wake, alijiziba uso kwa kanga na mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikajua hapo nimeipata sauti yake. Tulipofika makaburini, nikarukia ndani ya kaburi. Nikajilaza.

Nikatazama juu.

Niliona kipande cha mbingu chenye pembe nne, na vichwa vya watu pembeni, na udongo mwekundu ukimomonyoka kidogo kidogo kunidondokea kidevuni. Mwili ukakataa. Miguu nikiiambia inuka, haisikii. Nikafungua mdomo kuwaita, kikatoka kile kikohozi. Juu wakacheka. Nikaanza kulia, kulia kweli, kamasi na kila kitu, wakazidi kucheka. Mzee mmoja akasema tangu azaliwe hajaona mtani kama huyu. Wakanivuta kwa mikono kama gunia la mhogo, wakanipa ile kofia iwe ndiyo changu, na sifa zangu zikafika Tandahimba kabla ya jioni.

Tangu siku hiyo watu wa mbali wananiita misibani. Nakataa, nawaambia nimepanda bei.

Sasa Fatu. Fatu ni mtoto wa dada yangu, yuko mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, na kaja likizo na kitini cha saikolojia ya mwanzo. Sisi ukoo unafuata mama, mjomba ndiye baba wa nguvu, kwa hiyo akitaka mtu wa kumfanyia mazoezi ananijia mimi. Juzi tulikaa barazani tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, ananisomea. Kwamba mwili ukiona hatari unajiandaa kupigana au kukimbia: moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, mdomo unakauka. Hatari ikipita, mwili unatakiwa utulie. Ila kuna watu mwili wao haupati habari kwamba imepita.

Hapo nilimenya mng'oko mmoja mpaka ukaisha mkononi.

Akaendelea. Kila mtu ana namna yake ya kukabiliana na msongo. Mwingine analishika tatizo lenyewe, mwingine anahangaika na maumivu yake tu, mwingine analikwepa, anapita njia ya mbali. Nikamuuliza, na kuchekesha kuko wapi? Akapekua, akasema kuchekesha kumo, ila inategemea: baada ya kucheka umeutua mzigo au umeufunika? Nikauliza tena, na ugonjwa unaanzia wapi, maana huku kwetu mtu akibadilika tunasema karogwa au ana mashetani, kisha tunatafuta kuku mweusi. Akasema unaanzia pale ambapo jambo haliishi, na mtu anashindwa kuishi maisha yake ya kila siku.

Halafu akaniomba niwe mgonjwa wake. Wamefundishwa kuuliza maswali, anataka kuzoea. Nikakubali haraka, mnanijua. Nikalegeza mabega, nikamwita daktari.

Akaniuliza kuhusu usingizi. Nikasema kulala nalala, daktari, tatizo macho hayajui. Akacheka. Kuna kitu unakikwepa? Mashimo, nikasema, hata choo cha shimo cha nyumbani nimekihama, naenda cha msikitini chenye vigae, imamu anadhani nimetubu upya. Akacheka mpaka akafuta macho. Nikanogewa. Nikamweleza mke wangu alivyomwagia maji uwanja ili afagie bila vumbi, ile harufu ya udongo uliolowa ikanipata ndani, na nilipojitambua nilikuwa barabarani sina viatu, mkononi nimeshika kikombe cha chai, tupu. Nikamweleza nilivyokuwa napaza sauti kama navuta ndoo, na mbele yangu hapakuwa na ndoo.

Fatu akaacha kuandika.

"Mjomba," akasema, "hapo unaigiza au?"

Nikamtazama. Macho ya dada yangu kabisa.

"Naigiza," nikasema.

Akashusha pumzi, akaandika, akasema nimempatia mgonjwa mzuri kuliko wote wa darasani, walimu watamtungia swali la mtihani.

Kuna jambo moja sikumweleza hata kwa kuigiza. Kikohozi hakikubaki Mkunya. Kinanitoka. Nipo dukani nataka kuomba sabuni, koo linapiga hodi mara mbili, kikavu, na sauti inayofuata si yangu. Muuza duka anacheka, anasema mtani hupumziki. Msikitini kimenitoka kwenye safu, kijana wa kando yangu akang'ata midomo asicheke. Mke wangu tu ndiye hacheki. Yeye ananisikia nikiwa sina mtu wa kumwigizia.

Nimejaribu kutania jambo lenyewe. Nimesema Baba Somoe amekosa nyumba ya kupanga akahamia kwangu, na kodi hatoi. Utani mzuri huo, mnaweza kuuchukua. Haukunisaidia.

Leo baada ya swala Mama Somoe amekuja, eda akiwa bado hajaimaliza. Kesho ni arobaini ya mumewe, watu watakusanyika Mkunya kwa dua. Nilimsalimu, akanijibu, akakaa kwenye kile kigoda cha mlangoni bila kuegemea. Nikajua ana ombi. Nilianza kumtania kwamba mjane mzuri namna hii asije kwangu mchana, watu watasema. Akatabasamu kwa heshima tu.

"Mtani," akasema, "kesho uje na ile kofia. Somoe ananiambia sauti ya baba yake imeanza kumpotea. Ukohoe tu hata mara moja, asikie."

Mtoto yule sauti inampotea. Mimi nimeshiba nayo mpaka kooni. Nilitaka kumwambia, ichukue mama, ichukue yote, nami nipumue. Badala yake nikasema nitakuja, na nitakohoa mpaka mniletee maji. Akasimama, akanishukuru, akaenda zake na ukungu ukamla kabla hajafika kwenye mikorosho. Huko ndani mashine za kupulizia miti dawa ya salfa zilikuwa zinanguruma, huzioni, unasikia tu.

Naogopa. Maisha yangu yote nimeupa woga jina zuri ili nisiliandike neno hilo, na limeandikika kirahisi hivi. Naogopa kwamba kesho nikivaa kofia nikakohoa kwa makusudi, mbele ya mtoto wake, basi Baba Somoe hatarudi tena alikotoka na mimi sitarudi nilikotoka. Watanikuta nimelala chini kwenye mkeka wa dua, natazama juu, na watu watacheka.

Kwa hiyo nikaenda kumtafuta Fatu. Alikuwa nyuma ya nyumba anaosha sufuria. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: Fatu, lile swali lako la juzi, jibu langu halikuwa jibu. Nikasimama mbele yake. Nikafungua mdomo.

Kikatoka kikohozi. Mara mbili. Halafu, kwa sauti ya Baba Somoe, nikasema, "Siigizi."

Fatu akaangua kicheko mpaka sufuria ikamponyoka. Akasema, "Mjomba bwana, wewe umeshindikana." Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Nilicheka vizuri sana.

Ndiyo maana naandika. Hapa hakuna uso wangu, hakuna mabega yangu, hakuna koo. Hapa nikisema kitu, mtu anabaki na maneno peke yake.

Fatu, najua utasoma, wewe huwa wa kwanza kunitumia vicheko. Leo usitume. Mjomba wako hakuwa anaigiza juzi, na hakuwa anaigiza leo. Uliniuliza vizuri, mwanangu, swali lilikuwa sahihi na mgonjwa alikuwa mwongo. Njoo na kitini chako, tuanze upya, na jibu langu uliandike kama lilivyo. Ukisema Jumatatu twende hospitali, nitakwenda, na nikianza kuchekesha wauguzi, nikanyage mguu.

Kesho alfajiri nenda Mkunya kabla yangu. Mwambie Mama Somoe nitakuja kwenye dua, nitakaa na wanaume wengine, kimya. Kofia umpe Somoe. Iko juu ya kabati. Bado ina jasho lake kwa ndani, atamnusa baba yake, na hilo litamfaa kuliko mimi. Kama yupo atakayesema mtani kakimbia kazi, aseme. Tangu mababu watani wamelala makaburini wakainuka. Mimi ndiye niliyelala nikabaki.

Na yale niliyoandika hapo juu kuhusu bahati, sitayafuta, ila ni uongo. Silali. Siimbi. Nilipata zaidi ya mkwaruzo.

Bado niko shimoni.