Mjane, Kiseyeye na Serahangi Tripp

Jumatatu, 13 Januari 1879
Ijulikane kwa mataifa yote, falme zote na meli zote zilizokwama barafuni: leo, kwa kura halali, mabaharia wa chumba cha mbele wameamua kwamba mjane asiolewe na mwanasheria. Mjane mwenyewe yumo kitabuni, sura ya kumi na moja. Hakuulizwa. Baltasar, mrusha chusa wetu, mtu wa visiwani, alipinga. Akasema mwanasheria ana nyumba yenye mahali pa moto, na mwanamke anayekataa moto ni mwendawazimu. Akarushiwa kiatu. Akakirudisha kwa nguvu zaidi.

Msomaji ni Elihu Rowse. Analala chali, mshumaa kifuani, anasoma kwa sauti. Wengine wamejilaza kama samaki waliopangwa. Kitabu kilitoka kwenye sanduku la wamisionari, lile tulilopewa siku ya kung'oa nanga New Bedford. Vingine vyote humo ni mahubiri. Hiki kimoja kiliponyoka.

Mimi ni fundi mapipa. Nalala katikati ya meli – si mbele kwa mabaharia, si nyuma kwa wakubwa. Nasikia pande zote. Kwa mtu mmbea, hakuna makao bora.

Alhamisi, 16 Januari
Fizi za Elihu zinatoka damu. Kovu lake la zamani gotini limefunguka kama mdomo. Kiseyeye. Wengine watatu nao miguu imeanza kuwa myeusi. Maji ya ndimu, kinga yake, yaliganda tangu Novemba, chupa zikapasuka zote.

Nahodha Thaxter ametukusanya sitahani. Ameshapata chanzo cha ugonjwa. Ni kusoma! Anasema kiseyeye kinampata mtu mvivu, damu inasimama kama maji ya dimbwi, na hakuna uvivu kama wa kulala na kitabu. Tazameni, nani anaumwa? Wasomaji! Nani mzima? Yeye.

Hoja nzuri. Ingefaa zaidi kama asingekuwa na kitoweo cha makopo peke yake.

Amri: vitabu vyote vifungiwe chumbani kwake. Asubuhi mpira barafuni, mchana kutembea. Atakayekutwa na kitabu atachapwa.

Ijumaa, 17 Januari
Serahangi Tripp, msimamizi wa mabaharia, kafanya msako. Alifurahi kama bwana harusi. Alipindua magodoro, akamwaga mifuko, akapekua mpaka kofia za wagonjwa.

"Kiko wapi, Mwalimu wa Wajane?" akamwuliza Elihu.

"Umekaa juu yake labda. Inuka tuone."

Tripp akampiga ngumi ya mdomo. Jino likatoka bila ubishi, maana lilikuwa limelegea kwa ugonjwa. Elihu akaliokota, akalitazama, akalitia mfukoni. Mtu anayempiga mgonjwa mbele ya watu ishirini wenye visu, ama ni jasiri ama hana hesabu.

Kitabu? Kimo kwenye pipa, nami ndiye niliyelifunga. Tripp aliyapiga mapipa yote teke. Lile lilitoa mlio uleule kama mengine. Nilimwambia: "Taratibu, serahangi, utaumia kidole." Akanitukana mama yangu. Nilimshukuru kwa niaba yake.

Jumamosi, 1 Februari
Hatusomi. Mpira asubuhi. Wagonjwa wanasukumwa nao wakacheze, wanaanguka, Tripp anawainua kwa buti. Mchana tunatembea kuizunguka meli kama punda wa kinu. Watu wamekuwa wabaya. Jana wawili walipigana juu ya soksi. Leo Baltasar kamwaga supu kwa makusudi kwenye kitanda cha jirani yake. Mwanzoni nilidhani kitabu kinawapotezea muda. Kumbe kilikuwa kinawazuia kuuana.

Jumanne, 4 Februari
Elihu kapata wazo. Nahodha anataka tutembee? Vyema. Tutembee mpaka kwa Tulugak.

Tulugak ni mwindaji wa hapa. Ameshafanya kazi na meli za nyangumi miaka mingi, lugha yetu anaijua, hasa matusi. Nyumba zao za theluji ziko nyuma ya kilima, mwendo wa kutosha kumfurahisha nahodha. Tulipomwomba nahodha ruhusa alitupigapiga mabega. "Safi! Nendeni mbali zaidi!"

Kitabu kilikuwa ndani ya suruali yangu.

Mle ndani mna taa ya mafuta ya sili, yule mnyama wa bahari ya barafu, joto, harufu ya kukata na shoka. Mama mkwe wa Tulugak ndiye mwenye nyumba. Bibi mfupi, ana macho ya karani wa forodha. Elihu akafungua kitabu tu – bibi akamsukumia kipande cha ini la sili, bichi, bado lina mvuke. Elihu akatikisa kichwa. Bibi akakifunga kitabu kwa kiganja.

"Anasema anayekaa kwake anakula," Tulugak akafasiri. "Asiyekula ni mtu mwenye nia mbaya. Atoke."

Tukatazamana. Nje baridi, ndani mjane. Tukala. Baltasar alitapika, bibi akampa kingine.

Hatukwenda kula. Tulikwenda kusoma. Kula kulikuwa kodi ya chumba.

Jumatano, 19 Februari
Tunakwenda karibu kila siku. Tulugak anamfasiria bibi hadithi. Anaifasiri anavyotaka, nadhani, kwa sababu bibi alicheka pale mume wa kwanza alipozikwa.

Leo bibi kauliza: "Huyo mjane hana kaka?"

"Hana," Elihu akajibu.

"Hajui kushona?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi ni kitabu cha mtu asiyejua wanawake." Akageuka kukatakata nyama.

Baltasar akapiga makofi. Akasema hayo ndiyo aliyoyasema yeye tangu Januari. Hakuyasema.

Fizi za Elihu zimekauka. Goti limeanza kufunga. Wale watatu nao wanatembea wenyewe, tena wanagombana, ishara njema.

Jumapili, 2 Machi
Baada ya sala nahodha kasimama kifua mbele. Wasomaji wote wamepona! Kwa nini? Kwa sababu wamenyang'anywa vitabu! Atawaandikia manahodha wenzake. Atawaandikia wamisionari wenyewe. Tulisikiliza kwa heshima, midomo yetu ikinuka sili.

Lakini Tripp hakusimama vizuri. Aliegemea mlingoti. Alipofungua kinywa kuitikia amina, niliona meno yake. Yanaelea.

Yeye hajawahi kukanyaga kwa Tulugak. Anakula meza ya nyuma – nyama ya chumvi na biskuti – na anasema mtu anayekula na wenyeji hawezi kuamrisha watu.

Alhamisi, 6 Machi
Leo nimecheka mpaka nikaingia ndani ya pipa kujificha. Nahodha kampekua Tripp! Kama wasiosoma wanapona, na serahangi anazidi kuumwa, basi serahangi anasoma kwa siri. Ndiyo akili hiyo. Ilinyooka kama chusa.

Tripp kakaa kitandani, miguu imevimba kama magogo, magodoro yake yanapinduliwa.

"Kapteni, mimi hata sijui kusoma!"

"Ndivyo wasemavyo wote."

Halafu kicheko kikaniishia. Alikuwa analia. Tripp! Si kwa maumivu. Kwa kutosadikiwa.

Ijumaa, 14 Machi
Dhoruba wiki nzima. Hakuna aliyetoka. Tripp hawezi kusimama. Pumzi yake inanuka kutoka chumba cha pili. Nahodha ametangaza: Tripp asipopata nafuu, sanduku la wamisionari linachomwa lote, maana huenda hata hewa ya vitabu ina sumu.

Mbele wamefanya mkutano. Elihu akasema: "Tulichokula kwa bibi ndicho kilichotuponya. Tukinyamaza, Tripp atakufa."

"Kwani sisi tumemzuia kufa?" Baltasar akasema.

"Tukisema, tutachapwa," Elihu akaongeza.

"Basi hesabu ni rahisi," Baltasar akajibu. "Mgongo wangu, au Tripp. Naupenda mgongo wangu."

"We Elihu, alikung'oa jino!" mwingine akapaza sauti. "Umeshasahau?"

"Ninalo mfukoni. Nitasahauje?"

Wakapiga kura. Wengi: afe. Walinyoosha mikono haraka kuliko siku ya mjane. Mimi nilinyoosha nusu, mpaka usawa wa sikio, ili baadaye niweze kusema nilikuwa najikuna.

Elihu akavaa koti, akaenda nyuma.

Jumamosi, 15 Machi
Amemwambia nahodha yote isipokuwa pipa langu. Namheshimu kwa hilo.

Nahodha hakusadiki! Kasema mtu wa New Bedford haponi kwa kula kama mbwa wa kuvuta mzigo. Kwamba Elihu amesoma mpaka ubongo umechachuka. Kipande cha nyama Elihu alichokuwa amekificha kabla ya dhoruba, kilichoganda kama jiwe, nahodha alikitupa baharini – yaani barafuni, ambako mbwa wetu alikila. Mbwa yu mzima sana.

Kuchapwa: Jumatano.

Jioni Elihu akarudi kwa nahodha tena, mnyonge, kofia mkononi. "Kapteni umesema kweli. Serahangi anahitaji kutembea. Tena kutembea sana." Nahodha akafurahi. "Mtembezeni! Akilia, mtembezeni zaidi!"

Jumatatu, 17 Machi
Kumekucha kweupe, upepo umelala. Tulimshusha Tripp, Elihu huku, mimi huku, nahodha akitutazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipopita tu barafu iliyosimama mbele ya meli, tukamlaza kwenye sleji, kigari cha kukokota barafuni. Baltasar alikuwa anatungoja hapo na kamba begani. Sikumwuliza kuhusu mgongo wake.

"Mnanipeleka kunizika," Tripp akasema.

"Tunakupeleka kukusomea," Elihu akamjibu.

"Afadhali mnizike."

Alitutukana njia nzima. Mimi mnafiki, Baltasar mbwa wa visiwani, Elihu mwanamke. Damu ilimtoka mdomoni, akaitemea kwenye buti zangu, kwa shabaha nzuri kwa mgonjwa. Tulipofika mteremkoni akanyamaza. Nikadhani basi tena.

"Yule mjane," akasema. "Mwanasheria alimpata?"

Elihu akasimama, kamba mkononi. "We umejuaje habari za mjane?"

"Ukuta wangu ni wa mbao, mpumbavu. Nilisikia mpaka anapanda gari la farasi. Halafu yule mzee akapiga marufuku, na mimi nikatumwa kukitafuta." Akakohoa. "Nilikitafuta kwelikweli."

Baltasar akamwambia: "Kwa bibi utakula, serahangi. Huyo hakatazwi. Atakukalia kifuani."

"Na nile."

Tukavuta kwa mbio kidogo.

Sasa naandika nikiwa nimeketi juu ya theluji, vidole vinauma. Tumo ndani. Taa ya bibi haipo. Ngozi za kulalia hazipo. Mbwa hawapo, sleji hazipo, na alama zao zimefutwa na dhoruba. Kumbe wakati huu wa mwaka wenyeji huhama kufuata sili, na sisi tuliokaa humu siku zote hizo hatukuwahi kuwauliza wanakwenda wapi. Tulikuwa tumezama sura ya ishirini.

Baltasar kapanda kilimani kutazama moshi. Bado hajarudi.

"Basi soma," Tripp kasema, macho kafumba.

Elihu anasoma. Anasoma polepole, vizuri kuliko siku zote.

Nyama hakuna hata kipande.