Kapu la Mkono wa Kushoto

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na makoti? Huku tu wazima wa mwili, ukiacha goti langu linalolalamika kila nikipanda ngazi. Shemeji yako anazidi kunenepa, ingawa ukimuuliza atakuambia shati ndilo lililopungua.

Barua yako niliipata, pamoja na picha. Nisamehe kwa kukaa kimya. Uliuliza swali moja tu, kama Mama bado anakukumbuka, nami kila nikishika kalamu niliiweka chini. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, kwa hiyo leo nimeketi nikueleze yote.

Nianze na kazini. Bado tunatengeneza trei za mayai kwa karatasi chakavu, na mashine ya kusagia ni ileile inayokohoa. Maji nayo ni yaleyale: yakitoka kwenye rojo la karatasi yanachujwa, yanatuama kwenye matangi, kisha yanarudi kusaga karatasi nyingine. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi mshahara wetu ni kuyazoa. Ndiyo maana uchafu ukishaingia hautoki upesi, unazunguka nayo tu.

Meza ya kuchambulia unaikumbuka. Kapu la kulia ni la karatasi safi inayokwenda kusagwa. Kapu la kushoto ni la takataka: nailoni, pini, vikombe vyenye nta, lebo za gundi. Wakati wa likizo tulikaa hapo na Mama, naye akipitisha kidole tu alijua umeacha nini. "Bado kuna uchafu hapa, baba," angekuambia, kisha akurudishie rundo zima uanze upya. Wewe ulinuna, mimi nikacheka, mpaka zamu yangu ikafika.

Mwaka jana alianza kusahau. Kwanza majina ya majirani, kisha kama ametia chumvi, kisha njia ya kurudi kutoka dukani. Nikajipa moyo kwamba ni uzee tu, maana mikono ilikuwa bado hodari.

Mwezi wa kumi na moja akageuza makapu. Asubuhi nzima alichambua bila kosa, ila takataka aliitia kulia na karatasi safi akaitia kushoto. Hakuna aliyekagua. Nani angekagua kapu la Mama? Lebo zote zikaingia mashineni, maji ya moto yakalainisha gundi, ikaganda kwenye vichujio, kwenye mabomba, kwenye kalibu za kufinyangia trei. Trei zikatoka na mabaka, ukizigusa zinachanika. Povu likafurika mpaka sakafuni.

Fundi wetu, yule tunayemwita Mapovu kwa jinsi anavyopigana nayo kila siku, alizima mashine. Mama akaja, akachovya vidole kwenye rojo, akavisugua, akauliza, "Nani kafanya ujinga huu?"

Mapovu akasema, "Mimi, Mama. Nisamehe."

Akagombezwa mbele ya watu kama mtoto aliyevunja sahani, naye ameinamisha kichwa. Mimi nilikwenda nyuma ya matangi nikalia.

Msimamizi alitaka maji yale yafunguliwe mtaroni tuanze na mapya. Aliyemzuia ni Mama huyohuyo. Alisema mtaro unashuka kwenye bustani za mboga, na watu wanakula kule. Hilo hakulisahau, Kaka. Sijui akili inachagua vipi cha kubakiza. Basi tukatia shabu ili uchafu utuame, tukangoja, tukaopoa gundi kwa mikono, na kazi ikalala wiki nzima.

Baada ya hapo mwenye kiwanda aliniita, akaniambia kwa upole kwamba Mama sasa apumzike nyumbani. Alipokaa nyumbani akaichambua nyumba: kalenda, majalada ya vitabu vya mwanangu, hata lebo za chupa zake za dawa. Kila asubuhi alilia akiulizia meza. Nikaenda kumwomba mwenye kiwanda, tena kwa magoti. Sasa Mama ana kona yake pale, na kapu lake haliendi mashineni mpaka nilichambue upya akishaondoka. Hajui, na naomba asijue.

Sasa swali lako. Anakukumbuka, ila amekuhamishia kwa Mapovu. Anamwita kwa jina lako, anamuuliza kama amekula, anamuuliza baridi ya huko ikoje. Na Mapovu, jasho linamtiririka kando ya mashine, anajibu, "Imepungua, Mama." Mwanzoni nilimkasirikia. Siku hizi namwombea dua.

Picha yako nilimpa akiwa mezani, nikidhani pale ndipo atakapotulia. Aliishika vizuri, akapitisha kidole gumba juu ya uso wako, polepole. Nikashusha pumzi. Kisha akasema, "Hii ina nailoni," akaitia kapu la kushoto.

Na alisema kweli, karatasi ya picha haisagiki. Niliitoa nikaipangusa, ipo juu ya kabati langu. Iliniuma sana, na najua itakuuma, lakini afadhali uumie ukijua.

Shangazi anakusalimu, anasema amezeeka lakini masikio yake bado yanasikia mlango ukigongwa. Shemeji yako anakusalimu. Wanangu wanamsalimu mjomba wao wa kwenye picha. Mapovu naye anakusalimu, anasema nafasi yako anakushikia tu. Wabusu wifi na watoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike nyote, na akufungulie njia.

Uliandika kwamba utakuja mkataba ukiisha. Usingoje, Kaka. Huenda asikujue. Usimlazimishe, usimwambie ni mimi, ni mimi. Vuta stuli, keti upande wa pili wa meza, uchambue naye. Halafu makusudi kabisa uache kipande cha gundi kwenye karatasi, umsogezee. Atapitisha kidole, atakurudishia rundo lote, atakuambia bado kuna uchafu hapa, baba. Hapo utakuwa umemsikia mama yako.

Ni mimi nikupendaye, ninayekungoja mezani,
Mdogo wako