Nimemwona Baqir, huko Lima

Weston, Toronto
Novemba 12, 2011

Mpendwa Masi Kanizfatema,

Assalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta huko Tanga ukiwa na afya, na kwamba goti limetulia tangu ulipobadilishiwa dawa. Mama anauliza kama bado unapanda ngazi za imambara kwenda ibadani kwa kushika ukuta au umekubali kununuliwa fimbo. Kisha anajijibu mwenyewe kwamba anamjua dada yake.

Sisi hatujambo. Baridi imeanza kung'ata, miti ya kando ya mto imebaki vijiti, na Baba amekwishafunika madirisha kwa nailoni kama afanyavyo kila mwaka. Kazini kwake Downsview bado wanamhitaji, alhamdulillah.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigujarati changu cha kuandika ni cha mtoto wa chekechea, na jambo lenyewe halitaki makosa.

Masi, nimemwona mwanao Baqir. Ni mzima. Amenenepa kidogo, ndevu zake zimeanza mvi, na anakula vizuri. Nimetanguliza hilo ili usisome yanayofuata ukiwa roho juu. Lakini sikuweza kumrudisha kwako, wala sikuweza kumfanya aseme nawe. Nimejaribu kuipamba habari hii, imekataa kupambika.

Uliposikia kwamba ameiacha biashara ya magari ya mitumba kule Chile na kuhamia Lima, ukaniomba nimtafute katika likizo yangu, nilidhani ni mji wa kuuliza ukajibiwa. Ni bahari ya nyumba, Masi. Zimepanda vilima mpaka juu, nondo zimechomoza kwenye paa kama kila mwenye nyumba anangoja kuongeza ghorofa. Mbingu ni ya kijivu kutwa nzima, mawingu yamejaa wala hayanyeshi. Nilizunguka na picha yake aliyopigwa kwenye harusi ya dada yake Shaila na Kihispania changu cha chuoni, na watu walikuwa wema kupita kiasi. Kila mmoja alinionyesha njia, na kila njia ilinipeleka mahali pengine.

Mwishowe nilifanya jambo ambalo Baba hulifanya katika kila mji mgeni, nami nimelionea aibu tangu utotoni. Nilifungua kitabu cha simu cha hotelini nikatafuta jina la watu wa kwetu. Lilikuwepo moja tu. Nilipopiga na kutoa salamu kwa Kiswahili, mzee aliyepokea aliuliza papo hapo.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Fidahussein wa Tanga."

"Fidahussein yupi? Wa mchele au wa spea?"

"Wa spea."

"Yule mfupi. Aliniuzia klachi, haikumaliza wiki. Njoo ule."

Huyo ni Mzee Hussainali, mzaliwa wa Pangani, anauza vifungo na zipu katika soko la nguo. Baqir amepanga kibanda chake cha vitambaa mlango wa pili kutoka kwake. Mzee alinipakulia wali mara mbili kabla ya kunijibu lolote. "Utamwona, binti yangu," alisema. "Kumwona si kazi."

Baqir mwenyewe, kwa kupitia Mzee, ndiye aliyechagua mahali pa kukutana. Kila Oktoba Wakristo wa Lima hubeba picha yao takatifu mabegani, kwenye jukwaa zito la fedha, na mji mzima huvaa zambarau. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa barabara, ubani ukitufuka, wanawake wakilia waziwazi, wanaume wakipokezana mzigo kwa hatua ndogondogo. Ungefumba macho ungesema ni julusi, maandamano yetu ya Ashura.

"Ndiyo Muharram yangu hii," alisema kabla ya salamu. Kisha, "Farhat. Bado unatafuna kucha?"

"Na wewe bado unajificha nyuma ya mzaha."

Akacheka. Kicheko ni kilekile, cha puani. Nilidhani nimeshashinda.

Alinieleza, na sasa nakueleza. Habari ya msiba wa baba yake, Masa Hasanali, ilimfikia akiwa barabarani, mazishi yamekwisha. Alisema atapiga simu atakapopata la kusema. Fatiha ya siku ya tatu ikapita. Arobaini ikapita. Mwaka ukapita. "Sasa nitasema nini?" aliniuliza. "Nimpigie mama yangu nimwambie pole?"

Nilikuwa na hoja nyingi. Unajua nilivyosomeshwa kuwa na hoja. Nilimwambia humlaumu. Akasema, "Najua. Angenilaumu ningekuwa nimeshakwenda." Nilisimama pale kama mtu aliyefika kwenye moto na kikombe cha maji.

Ndipo nikafanya kwa mikono kile kilichonishinda kwa maneno. Nilichukua simu yangu, nikabonyeza namba ya nyumbani kwako, nikamshikisha. Kwako ilikuwa baada ya Isha. Tulikusikia sote wawili: "Hallo? Nani? Nani huyo?" Uso wake ulifunguka, Masi, nitaukumbuka siku zote. Kisha akakata.

"Huwa nampigia," alisema. "Nikishamsikia natosheka."

Wale wahuni uliowalalamikia kwa Mama, wanaopiga na kunyamaza, ni mwanao. Namba anayoijua kwa moyo ni hiyo ya simu ya mezani, basi. Namba yako ya mkononi hana, na nilipotaka kumwandikia alikataa karatasi.

Aliniomba nikuambie sikumwona. Sikumjibu. Kutojibu si kuahidi. Nimejiambia hivyo tangu uwanja wa ndege, na bado sina uhakika.

Nilipofika nyumbani Mama akanipa habari kwamba umechoshwa, unataka kampuni ya simu waje waing'oe laini. Ndiyo sababu jana nilikupigia nikakuomba usiwaite mpaka upate barua yangu. Uliniuliza kwa nini, nikaanza kusema habari za theluji. Nilikuwa nimedhamiria kukuambia yote, lakini uliposema "Hallo" kwa sauti ile, nusura nami nikate simu. Sikumsamehe Baqir wakati ule. Nilimwelewa tu, na hilo lilinitisha zaidi.

Tulipoagana aliniuliza swali moja, tena akiwa amegeuka upande: nani aliingia kaburini kumpokea baba yake, nani alimshika bega akimsomea talkini. Ilikuwa nafasi yake, yeye mwana wa kiume pekee. Sikujua. Mazishi yale niliyasikiliza nikiwa huku, kwa simu iliyokuwa ikikatikakatika. Nilikuwa nimesafiri mbali hivyo, na kitu pekee alichokihitaji sikuwa nacho.

Wewe unacho. Basi nakuomba, usiing'oe simu. Ikilia na kukawa kimya, usitukane na usiulize ni nani. Usilitaje jina lake, nahofia atakata. Keti, kama unamsimulia jirani, useme nani aliingia kaburini, na kama udongo ulikuwa mkavu, na nani walibeba. Huenda akakata katikati. Anza tena siku nyingine pale ulipoishia.

Nisalimie Shaila na mumewe, na Mjomba Noordin. Sijui kama wanapaswa kuyajua haya, uamuzi ni wako. Baba na Mama wanakusalimu sana. Muharram imekaribia, utuombee. Mwenyezi Mungu akupe umri, na akupe subira ya kuzungumza na asiyejibu.

Ni mimi mtoto wa mdogo wako, akupendaye,

Farhat