Baba Hakukasirika, Hakusikia

Chumba cha kuvalia,
Nyuma ya ukumbi.
Jumatatu, 14 Juni.

Mpendwa dada yangu Pilipili,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji, pamoja na huyo mgeni wa tumboni ambaye bado hana jina lakini tayari ameanza kuwakosesha watu usingizi. U hali gani? Kichefuchefu kimepungua? Miguu haivimbi? Usinijibu kwamba uko salama halafu ukanyamaza. Nataka kujua unakula nini, unalala upande gani, na kama shemeji anaosha vyombo au bado anajifanya hajui sabuni ilipo.

Sisi huku tu wazima. Mama yako mdogo goti linamsumbua, ila mdomo haujambo kabisa. Mimi nimenenepa kidogo, na usicheke, kazi yangu ni ya kukaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimefunga mlango. Umesema ulimpigia baba simu ukampa habari ya ujauzito, ukangoja afurahi, naye akakujibu, "Sawa sawa mwanangu, haya, salimia watu," akakata. Umesema umelia mpaka shemeji akaogopa. Hutapiga tena, na mtoto akizaliwa babu yake atazipata habari kwa majirani. Tena umenikataza nisimwambie mtu yeyote. Dada, ningekupigia siku ileile, lakini nakujua. Ningetamka tu neno "baba" ungenikatiza, na tungegombana kabla sijafika katikati. Barua haikatizwi. Basi kaa chini, weka miguu juu ya kigoda, unisome mpaka mwisho.

Baba hakukasirika. Baba hakusikia.

Nianzie kazini, maana huko ndiko ukweli ulikotokea. Unajua baba yako, Baba Mkubwa wangu, ndiye mtu wa kamba hapa ukumbini. Anakaa kwenye roshani ya juu pembeni mwa jukwaa, anashusha na kupandisha mapazia na zile kuta na madirisha ya mbao ya michezo. Mimi nakaa chini kwenye meza yenye taa ndogo, naufuata mchezo kwenye karatasi, namwambia kila mtu afanye nini na wakati gani. Sote tumevaa visikilizio kichwani na kisanduku kiunoni chenye kitufe cha kuongelea. Nikisema "jiandae," mhusika anajibu "nimepata." Nikisema "twende," anafanya. Asiyejibu hatumwachi, tunamtafuta mpaka ajibu, kwa sababu vitu vinavyoning'inia huko juu vikimwangukia mtu hatuombi radhi, tunazika.

Visanduku vyetu vya zamani vilikuwa vya waya, na wote tulikuwa kwenye njia moja. Mtu wa taa, wa sauti, wa jukwaani, wa mlangoni, wote wanasikika kwa mpigo kama wanawake bombani. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu "nimepata," kila mara, mpaka tukawa tunawasuta vijana kwa mfano wake. Kumbe masikio yalikuwa yanamwacha kidogo kidogo, naye pengo analiziba kwa macho na mazoea. Mchezo ameukariri. Akimwona mwimbaji amefika kwenye kiti, anajua zamu yake imefika, anajibu.

Kisha siku moja kwenye mazoezi mwongozaji akaongeza ubeti. Nikatangaza masikioni kwamba dirisha la mbao lisishuke mpaka wimbo urudiwe. Baba Mkubwa akajibu "nimepata" kama kawaida yake. Wimbo ulipofika mwisho wa zamani, dirisha likaanza kushuka, na yule mama mwimbaji bado yupo chini yake, amefumba macho anaimba. Mtu wa jukwaani alimvuta mkono. Mbao ilitua palepale alipokuwa amesimama.

Baba Mkubwa alisema kamba ilimteleza. Meneja akampa onyo, akasema ikitokea tena atarudi nyumbani kupumzika. Nasi tulimwamini, dada, mimi wa kwanza. Nani angemshuku mtu wa kamba kwamba kamba haikumteleza?

Mwezi uliopita tukaletewa visanduku vipya. Hivi havina waya, vinaongea kupitia mtandao. Fundi sauti anakaa na kompyuta yake anapanga nani amsikie nani, kila mtu na njia zake. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Mtu wa taa aliunganishwa na mlangoni kwa makosa, na mazoezi yote alikuwa akisikia watu wakiulizia choo.

Sasa kitufe cha hivi vipya kina tabia yake. Ukikishikilia unaongea, ukikiachia kinafunga. Lakini ukikigusa mara moja haraka, kinabaki wazi mpaka ukiguse tena. Na Baba Mkubwa unamjua, miaka yote amezoea kugusa na kuachia. Alhamisi mchana, katikati ya mazoezi, alijibu "nimepata," akagusa, na maiki yake ikabaki wazi kwetu sote.

Unakumbuka mazoea yake ya kuzungumza na marehemu mama yako akiwa peke yake kazini. Akaanza. Sitakupambia wala kukupunguzia, alisema hivi: "Mke wangu, mtoto kapiga tena. Sijaambulia hata neno. Sauti ilipanda ikashuka, sijui alikuwa anacheka au analia. Nikamwambia sawa sawa. Nikimwambia masikio yamekufa ataacha mambo yake aje anitunze, na mimi sitaki. Na hawa wakijua watanipokonya kamba."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa taa, ambaye hucheka hata misibani, aliondoa mikono kwenye mitambo yake akaiweka mapajani. Fundi sauti aliifunga maiki ile kutoka kwenye kompyuta. Mimi neno lililofuata kwenye karatasi lilikuwa "twende," na sikuweza kulitamka, nikatangaza mapumziko ya chai wakati hata chai yenyewe haikuwa imechemka.

Nilipanda ngazi mpaka kwake. Nilisimama mbele ya uso wake nikamweleza. Kwanza aliwaka, akauliza ni nani mchongezi. Nilipomwonyesha kile kitufe, akakaa juu ya kamba zilizoviringishwa, akaniuliza, "Mmesikia wote?" Nikamjibu ndiyo, wote. Akasema, "Basi mmenivua nguo." Nilimshika mkono. Nilimwambia pia kwamba hatashusha kitu juu ya kichwa cha mtu mpaka nijue anasikia, hata kama ni baba yangu mkubwa na ndiye aliyenileta kwenye kazi hii. Lilimuuma, nami liliniuma kulisema, lakini yule mama mwimbaji naye ana watoto.

Fundi sauti akapanda na kisanduku mkononi. Yeye si mtu wa hotuba. Alimvalisha visikilizio vikubwa vya masikio yote mawili, akamtoa kwenye zile njia nyingine zote, akamwachia sauti yangu peke yake. Akasema sauti nyembamba ndizo zilizompotea Baba Mkubwa, akazipandisha hizo, nzito akaziacha. Kisha akakipanga kisanduku kitetemeke kiunoni kila nikimwita. Nikashuka kwenye meza yangu, nikasema polepole, "Baba Mkubwa, unanipata?"

Nikahesabu mpaka tano. Nikaona tumeshindwa. Halafu akajibu, "Kasuku, kumbe una mafua."

Nililia nikacheka, sijui kipi kilitangulia.

Meneja tumemweleza ukweli wote. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hatukutaka kilio hicho kitokee jukwaani kwetu. Aliguna, akazunguka meza yake, mwishowe akakubali. Baba Mkubwa atabaki kwenye kamba, na mtu wa jukwaani atasimama naye akiwa ameshika breki ya kamba mpaka daktari wa masikio aseme neno lake. Kwenda kwa daktari amekubali kwa mdomo, miguu bado, ila nitamvuta.

Simu yake utaniuliza. Ile anaibandika sikio la kulia, ambalo ndilo bovu zaidi, kwa ubishi tu. Ujumbe wa maandishi hausomi, anasema herufi zile ziliandikwa na sisimizi. Kwa hiyo kila ulipopiga mwaka huu wote, alisikia mwanawe anaongea na hakujua anasema nini. Alikuwa anakata haraka ili usimgundue. Wewe ukahesabu kwamba amekuchoka. Yeye akahesabu kwamba anakulinda. Nyie wawili mmefanana kwa ukaidi mpaka inachosha.

Nakaribia kumaliza, usinyanyuke. Ijumaa, kabla ya kuanza kazi, nilimkuta amekishika kile kisanduku anakigeuzageuza. Akamuuliza fundi sauti, "Hiki kinafika mbali gani?" Fundi akamwambia kinafika popote penye mtandao, na hata simu ya mtu inaweza kuunganishwa nacho. Baba Mkubwa akakiweka kiunoni, akakitoa tena. Akauliza kwa sauti ya chini, yeye anayepiga kelele siku hizi bila kujijua, "Hata kwa mwanangu?"

Habari yako sikumwambia. Ilinichoma ulimi, lakini si yangu, ni yako. Shemeji anajua, mama mkwe wako anajua, muuza mboga wa mtaani kwenu naye nadhani ameshajua. Baba peke yake hajui kwamba anaitwa babu.

Sasa sikiliza. Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi unakuwa mtupu, watu hawaingii mpaka jioni. Piga namba ya fundi sauti niliyoiandika nyuma ya bahasha. Atakuunganisha na kisanduku cha baba, chake peke yake. Njia yangu nimeapa kuizima, na kwa jinsi ninavyopenda umbea, ujue hilo ni tendo la upendo. Baba nimemwambia tu kwamba nimekuomba upige. Tangu hapo ameshanyoa ndevu mara mbili, kama kwamba utamwona.

Zungumza polepole, usimfokee. Mwite, ngoja ajibu, kisha mpe ile habari upya, yote, tangu mwanzo, kama hukuwahi kuisema. Na ukimaliza ukasikia kimya, dada, nakuomba usikate. Mwache. Safari hii atakuwa amesikia.

Nisalimie shemeji kwa mkono wa kulia, umwambie sabuni iko chini ya sinki. Nisalimie mama mkwe wako, na yule jirani yako fundi cherehani aliyekushonea gauni pana. Mama anakubusu paji la uso na anauliza kama unavaa soksi. Kikosi kizima cha nyuma ya jukwaa kinakusalimu, hata mtu wa taa, ambaye tangu Alhamisi amekuwa mpole mpaka tunamwonea wasiwasi.

Mungu akushike mkono mpaka siku ya kujifungua, akupe uzazi mwepesi na mtoto mwenye masikio mazuri na hasira kidogo kuliko zako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,

Kasuku