Achol Ameingia Drafti

Majok, ndugu yangu,

Ulipokuwa hai sikuwahi kukuandikia kitu kirefu kuliko "uko wapi?" Nawe ulikuwa unajibu "hapa," kana kwamba Kakuma nzima ni kiti kimoja. Leo nimekaa nyuma ya gereji, karatasi imepata grisi kabla haijapata maneno. Nakuandikia kwa sababu jambo limenishinda, na mtu ambaye ningemwuliza ni wewe.

Ni habari ya Achol na ile drafti yake.

Unakumbuka ulivyoisikia mara ya kwanza? Dada yako alipiga simu kutoka Melbourne akasema mtoto ameingia drafti. Ukasimama pale kwenye kibanda chako cha chai, mrefu kama mnara wa simu, ukalitangazia soko lote kwamba binti yako ameitwa kuichezea Australia drafti. "Mimi ndiye nilimfundisha!" ukasema, umeunyanyua ubao wetu wa vifuniko vya soda kama kombe. Na kweli ulimfundisha. Kabla shangazi yake hajamchukua, akiwa bado hajafika kiunoni mwako, alikuwa ananila kete mbilimbili huku akiimba. Kwa hiyo hata mimi niliamini. Nilisema moyoni, hawa Waaustralia wameishiwa watu, lakini nikanyamaza, maana nani anabishana na baba aliyefurahi?

Mpaka Achol mwenyewe alipopiga, akacheka hadi akakohoa. "Si ya vifuniko, baba! Ni vilabu vya mpira wa huku, ule mpira wa umbo la yai. Wanakutana siku moja, wanachagua wachezaji wapya, zamu kwa zamu."

"Zamu kwa zamu," ukanigeukia. "Si nilikwambia ni drafti?"

Jioni ile chai iliungua mara mbili. Achol alitueleza kwamba klabu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza, na bingwa anangoja mwisho. Hiyo uliipenda sana. Ulisema kwa vile ulivyokuwa unanifunga kila siku, mimi ningekuwa na wachezaji wote wazuri wa dunia. Akatueleza kwamba klabu inaweza kubadilishana zamu yake na klabu nyingine. Kwamba mchezaji hachagui: akiitwa anafunga mkoba, hata kama mji ni wa mbali. Na kwamba mtoto ambaye mzazi wake aliichezea klabu fulani mechi nyingi, klabu hiyo inaweza kumdai kabla ya wengine. Hapo ulifikiri kidogo, ukauliza, "Na mtu aliyekimbia vita kwa miguu, kutoka Bor mpaka mpakani Nadapal, huyo alichezea klabu gani?"

Achol alicheka. Mimi nilikuangalia nikaona hukuwa unatania sana.

Halafu ukaugua. Tukakupeleka hospitali ya Lodwar, kichwa chako mapajani mwangu na miguu yako imetoka nje ya dirisha, kwa sababu hakuna gari Turkana lililotengenezwa kwa ajili yako. Ulirudi umefunikwa. Tulikuzika hapa Kakuma, upande wa juu wa laga, ule mto mkavu, maji ya mvua yasikofika. Katekista aliomba vizuri. Mimi nilitakiwa niseme neno nikashindwa. Nikakohoa tu, watu wakasema amina.

Sasa sikiliza tulichokifanya.

Wiki ile ile Achol alikuwa anakwenda kwenye vipimo, ile siku vilabu vyote vinakuja kuwaangalia wachezaji. Na wewe unaijua desturi, kwenu Wadinka na kwetu Waturkana ni moja: mtoto akiwa kwenye mtihani haambiwi msiba. Mama Achol alikaa chini, kitambaa kichwani, akasema, "Mtoto iko kwa mtihani. Hii maneno ya kifo ingoje. Akimaliza, ataambiwa." Wazee wakakubali, na dada yako naye kwa simu. Mtu mmoja akauliza, "Na baba yake akitafutwa kwa simu?" Wote wakanitazama mimi. Unajua kwa nini? Kwa sababu najua kusoma, na kwa sababu nina sura ya mtu asiyeweza kukataa.

Basi simu yako iko mfukoni mwangu tangu siku hiyo, Majok. Nimekuwa wewe. Kazi ya kuwa wewe ni ngumu, sijui ulikuwa unaiwezaje.

Bahati nzuri ulikuwa mvivu wa kuandika. Kila alichokuletea ulijibu "Tamam, mtoto," yaani sawa tu, nami nikaendelea hivyo hivyo. Lakini ananitumia sauti, bwana. Sauti yake imekuwa nzito, imefanana na yako. Alisema wale watafuta wachezaji wanasimama nyuma ya goli, hawashangilii, hawasalimii mtu, wanaandika tu. "Baba, wananiangalia kama ng'ombe wa mnada!" Nilijua ungemjibu nini. Ungemwuliza kama wameshamfungua mdomo kuhesabu meno. Nikaandika "Tamam, mtoto," nikajichukia.

Alisema siku ya vipimo walimpima urefu, mikono, hata viganja. Wakamkimbiza mbio fupi, kisha kilomita mbili. Wakamwambia aruke juu aguse vipande vilivyopangwa hewani, na alichokigusa yeye wenzake hawakukigusa. Baadaye vilabu vikamwita chumbani, kimoja baada ya kingine, meza moja na watu wanne, wakamwuliza: ukikosea mbele ya watu wengi unafanya nini? Akawajibu, "Baba yangu alinifundisha, kete ikishaliwa usiitazame, tazama ubao." Anasema waliacha kuandika wakamtazama.

Hapo nilitoka nje ya gereji nikalia. Mteja akafikiri ni bei ya tairi.

Akaanza kuuliza mbona hutumi sauti. Nikamwandikia kwamba maiki ya simu imekufa, umeipeleka kwa Ekai, yaani kwangu, aitengeneze. Unajua alijibu nini? "Baba, Ekai ni fundi wa pikipiki, ataimaliza hiyo simu!" Hata nikiwa wewe natukanwa mimi.

Tukasema ni mpaka vipimo viishe. Vipimo vikaisha, Mama Achol akasema, "Bado wanaenda kumwona nyumbani." Wakaenda nyumbani. Mama mmoja wa klabu, mpole, alikaa jikoni kwa dada yako, akauliza mtoto anakula nini, analala saa ngapi, akihuzunika anakimbilia kwa nani. Achol akasema, kwa baba. Akatoa simu akamwonyesha meseji zako.

Zangu, Majok. Alimwonyesha meseji zangu.

Yule mama akasema, basi siku ya drafti, jina likisomwa, tutampigia baba video, watu wote wamwone. Achol akatuma sauti anaruka, nasikia miguu yake sakafuni: "Baba, vaa shati la buluu! Na umwambie ankol Ekai asijipenyeze kwenye picha!"

Nilikwenda kwa Mama Achol nikamwambia haiwezekani tena. Akasema niseme simu imeharibika. Nikamwambia imeharibika tayari mara mbili. Akasema, "Basi kaa wewe mbele ya simu, mbali kidogo, kwa giza." Mama Achol alisema hivyo, mwanamke mwenye akili kunishinda mimi na wewe tukijumlishwa. Ndipo nikajua tumefika wapi. Mimi, Mturkana mfupi wa kifua kipana, nikae gizani niwe Mdinka wa futi saba? Tulitazamana. Ningecheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwambia, "Mama Achol, nampigia sasa hivi. Ukitaka nisimpigie, ninyang'anye simu." Hakuninyang'anya. Alijifunika uso kwa kitambaa.

Ilikuwa siku moja kabla ya drafti. Alipokea haraka, akasema, "Baba! Imepona maiki?"

Majok, sijui niliongea nini. Nilisema ni mimi, Ekai. Nilisema baba hayupo. Akasema, "Ameenda wapi?" Ikabidi niseme tena, kwa lile neno lenyewe. Nikasikia magari ya kwao yanapita. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Lini?" Nikamwambia. Akauliza, "Na nani alikuwa ananiandikia?"

"Mimi."

"Nyinyi mlimzika baba yangu, halafu mkanijibu tamam."

Akakata.

Jana ilikuwa drafti yenyewe. Kwetu ilikuwa saa tano, jua limewaka, tumejaa gereji tukitazama simu moja iliyoegemezwa kwenye tangi la pikipiki. Majina yakasomwa. Klabu ya mkia, inayofuata, inayofuata. Kila jina, msichana anakumbatiwa, mama analia, baba anapiga makofi. Mimi nilikuwa naomba Mungu, na sikujua naomba lipi: asomwe au asisomwe. Kisha yule mama mpole akasimama akasoma, kwa ulimi wake mzito, "Achol Majok."

Jina lako, ndugu yangu. Limesomwa ng'ambo kule pamoja na lake.

Gereji ililipuka. Wakanirusha juu, wakashindwa, wakaniweka chini. Kisha picha ikahamia nyumbani kwa dada yako ili tumwone Achol, na kiti kilikuwa kitupu. Mtangazaji akacheka kidogo, akasema kitu, wakaenda kwa jina linalofuata. Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuniaga. Mama Achol alibaki, akaniambia maneno ambayo sitayaandika, na yote tuliyastahili, mimi na yeye.

Dada yako akapiga. Mtoto amejifungia. Simu ya klabu hapokei, ya shangazi hapokei. Mji uliomchagua ni mwingine, anatakiwa asafiri, na hajasema ndiyo wala hapana. Miaka yote ile ya kuamka gizani kukimbia, tumeiharibu sisi, kwa kumpenda. Nilikaa hapa nikashika simu zote mbili, yako na yangu, kama mtu anayepima nyama, nikasubiri. Nilitamani unitukane. Walau ungesema "maleesh" lako lile, yaani si kitu, ulilokuwa unalisema hata mvua ikibeba kibanda.

Leo asubuhi simu yako imelia. Ni sauti. Niliisikiliza nikiwa nimesimama, na sasa naiandika kama ilivyo, maana sitaki kuongeza langu tena:

"Ankol Ekai. Najua ni wewe. Usiniandikie tena kwa jina la baba. Sijakusamehe wewe, wala mama sijamsamehe, lakini hiyo ni yetu, tutaongea. Klabu wananiuliza naenda ama siendi, nimewaambia wangoje. Siwezi kuwajibu wao kabla sijamwambia baba. Nipeleke kwake. Weka simu pale kwa kaburi, halafu wewe toka."

Ndiyo hivyo. Nimemwita Mama Achol, ameisikia mara tatu, ameniambia tu, "Chaji simu." Kwa Mama Achol hiyo ni nusu ya amani.

Kwa hiyo jiandae, mzee. Mimi sijui atakuambia anaenda au anabaki, na sitajua kutoka kwako. Ametukataza kumsemea, hata wewe nisikusemee. Kama atakulalamikia, mwambie tulimkosea, usitutetee, unapenda sana kututetea. Kama atanyamaza, nyamaza naye.

Lala salama, Majok. Nimekukumbuka vibaya sana, na siku hizi hakuna anayenifunga. Kesho jua likiwa bado pole nitakuja upande wa juu wa laga na mama yake. Nitaifuta simu yako vumbi, niiweke juu yako, sauti yote imefunguliwa. Kisha nitamshika Mama Achol mkono tuvuke laga mpaka ng'ambo, mahali ambapo nakuahidi hatutasikia hata neno moja, na tutakaa huko mpaka mtoto amalize.

Ni mimi,
Ekai