Nyasi Nilizokukatia

Ma Koku, shikamoo.

Nimeiandika hiyo shikamoo nikatulia kidogo, kama vile nasubiri uitikie. Basi. Naandika nikiwa hapa bandani, nimekaa juu ya gunia la samadi. Ni saa saba mchana, mteja hakuna, na jua ni lile unalolijua.

Hii ni wiki ya sita tangu Jumanne ile ulipokaa chini kati ya viriba vya miche ya mchaichai ukasema unapumzika kidogo, na presha ikakuchukua kabla sijafika na maji. Watu wananipa pole huku wananichungulia usoni, wanatafuta machozi. Sina. Sikulia siku ile, sikulia ulipoletwa nyumbani kuagwa, na mpaka leo nakula, nalala, namwagilia. Mama yangu kule Magu anasema nimeingia ganzi na itaachia yenyewe. Mimi sijui. Najiona kama mtu aliyeukalia mguu wake muda mrefu, anauangalia na kuona upo, lakini haumhusu.

Nikupe kwanza habari za kitalu, maana ungeanza kuulizia hizo. Pampu inakohoa lakini bado inavuta maji ziwani. Neti ya kivuli ilichanika upande wa upepo, nimeishona kwa uzi wa nyavu. Kiboko amerudi, yule yule asiye na adabu. Nilifika asubuhi moja nikakuta amekula ukoka wote tuliouandaa kwa ajili ya ile shule ya Buzuruga, amekanyaga viriba vya miche ya maua, na ametuachia kinyesi cha kujaza toroli. Nimekitia kwenye mboji. Nilikusikia kabisa ukisema, "Angalau huyu amelipa kitu."

Bwana Masanja, mtunza bustani wa ile hoteli ya ufukweni, amepita mara mbili kuulizia nyasi nyeupe. Mara zote nimemwambia bado hazijakomaa.

Nilimdanganya, Ma Koku. Ndiyo sababu naandika.

Nakumbuka nilipokuja kwako kuomba kazi, nikakuta mtu mzima anapakia nyasi kwenye gari na mwenzake anashukuru. Nilishangaa. Kwetu nyasi ni chakula cha mifugo, nani anazinunua azipande mlangoni azitazame? Ukaniambia, "Wewe Msukuma ukiona jani unatafuta ng'ombe yuko wapi." Nikakujibu kwamba nyie Wahaya hata nyasi mnataka zionekane zimesoma. Sijui nilipata wapi ujasiri ule siku ya kwanza. Ulicheka mpaka ukashika kiuno, ukasema nianze kesho.

Zile nyeupe ulikuwa umeshazianza. Shina la kwanza ulilitoa ufukweni ng'ambo, upande wa Sengerema, ukaja nalo kwenye kivuko limefungwa kwenye khanga. Kila msimu ulilea miche yake, ukachagua yenye mashuke meupe zaidi, nyingine ukatupa bila huruma. Miaka kumi na moja nimekuona ukitupa. Watu waliomba kununua ukawaambia bado. Mpaka ukabaki na safu moja, mashina kumi na manne yanayofanana, kiasi kwamba upepo wa ziwa ukipita yote yanalala pamoja na kuinuka pamoja. Mwaka huu ndipo uliporidhika. Ulisema mvua za vuli zikianza tutayagawa, na shina la kwanza kabisa utampa Koku, binti yako, akalipande kwake Dar.

Ukanifundisha kuyapunguza. "Shubiri moja juu ya udongo, Kabula. Usiuguse moyo wa shina." Nilikuwa nafanya hivyo hata nikiwa na homa.

Sasa nisikilize.

Siku ya pili baada ya wewe kufariki, dada zako walifika kutoka Muleba. Waliingia sebuleni kwako, wakaangalia sakafu, wakabaki wamesimama na mizigo mikononi. Mkubwa wao akauliza, "Nyasi ziko wapi? Dada yetu tunamlilia juu ya vigae?" Mimi nilikuwa najua. Ulishanieleza kwamba kwenu nyumba yenye heshima hutandikwa nyasi, mgeni akija hukanyaga nyasi, na msiba ukiingia watu hukaa na kulala juu yake. Nikachukua panga nikatoka.

Nyasi za kawaida zimejaa kando ya barabara, unajua. Hata kule nyuma ya tangi zipo, zinafika kiunoni. Sikuzifuata. Nilikwenda moja kwa moja kwenye safu yako. Ningependa kukuambia nilichagua zile kwa sababu ulistahili zilizo bora, na kuna mtu nimeshamwambia hivyo akaguswa sana. Si kweli. Zilikuwa karibu, na kichwani mwangu hapakuwa na kitu. Nilikata chini kabisa, mpaka panga likawa linachota udongo, kama mtu anayefyeka shamba la kulima. Mashina yote kumi na manne. Nilibeba mizigo mitatu. Dada zako walizitandika ukuta kwa ukuta, wakaniambia asante mwanangu, wakakaa.

Ningeishia hapo labda machache yangechipua. Lakini jirani zetu wanaume walikuja na masufuria makubwa, wanatafuta mahali pa kupikia penye nafasi. Wakaona pale pameshafyekwa, pasafi. Wakapanga mafiga juu ya mashina yako. Moto ukawaka siku mbili, ugali, wali, maharage, chai. Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea maji. Nilipita pale sijui mara ngapi, nikauona moto, nikaona umewashwa wapi, na sikusema neno. Si kwamba nilinyamaza. Neno lenyewe halikuwepo.

Mlipoondoka kwenda Bukoba kukuzika, nilibaki. Nilisema kiangazi hiki miche itakauka, lazima mtu amwagilie, na watu wakanisifu kwa uaminifu. Basi lilipokata kona ndipo nikageuka, nikaliona lile jivu.

Tangu hapo kila asubuhi nalimwagilia. Shubiri moja nimeipima sana wiki hizi, Ma Koku, kwa vidole juu ya jivu, nikitafuta jani. Wiki ya tatu nikafukua shina moja. Mizizi ilikatika mkononi kama tambi kavu. Nikapanda kivuko kwenda ng'ambo, pale ulipolitoa lile shina la kwanza. Wamemwaga kifusi, wanajenga. Nikarudi, nikaendelea kumwagilia jivu.

Na Koku akawa anapiga simu. "Dada Kabula, nitapita kuchukua mashina mawili ya nyasi za mama, nikayapande kaburini siku ya arobaini." Nikamwambia yapo. Akapiga tena, anauliza kama yatavumilia safari ya meli. Nikamwambia yatavumilia, ayafunge kwa gunia bichi. Yaani nilimpa mpaka maelekezo. Nimejichukia kwa hilo kuliko hata moto.

Jana akafika. Hakutaka chai, alitaka kuziona kwanza. Nilitembea mbele yake kama mtu anayepelekwa kituoni, nikasimama pale, nikamwonyesha udongo mweusi. Nilimweleza yote, panga, mafiga, maji, uongo wa kwenye simu. Nilikuwa namwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama namtajia bei ya miche, na nikawa najisikia vibaya kwa ajili ya sauti hiyo.

Alichuchumaa. Nilikuwa naomba anitukane, nikiamini labda matusi yangenifikia.

Akasema, "Zile tulizolalia zilikuwa hizi?"

Nikasema ndizo.

Akasema siku zile mbili alilala fofofo na alijiona mtoto mbaya, mama amekufa na yeye analala. Kila akiegemeza kichwa alisikia harufu yako, ile ya kutoka kitaluni, akafikiri anachanganyikiwa, hakumwambia mtu. Alisema na dada zako walizisifia, wakasema hata Muleba hawajakalia nyasi laini namna hiyo. Kisha akanitazama, akauliza swali ambalo tangu jana linanizunguka kichwani.

"Na wewe dada, ulilalia wapi?"

Ma Koku, nililala humu bandani, juu ya magunia. Siku zote mbili. Nilikata, nikabeba, nikapeleka maji, nikaosha vyombo, nikamwagilia. Sebuleni kwako sikuingia ila kuweka vitu mlangoni. Nilikukatia nyasi watu wakukalie matanga, na mimi sikukaa hata saa moja. Nilimwambia hivyo Koku. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na hata mimi nilikuwa sijalijua.

Alisimama, akajipangusa magoti, akaenda kunikatia tiketi ya meli.

Tunaondoka kesho jioni. Bwana Masanja alikuja asubuhi nikamwambia ukweli, kwamba nyasi nyeupe hakuna tena na aliyezimaliza ni mimi. Alikuna kichwa, akasema basi ataagiza mchaichai, na akajitolea mwenyewe kumwagilia mpaka nirudi. Kumbe muda wote ule palikuwa na mtu wa kumwagilia. Ningeomba tu.

Bado sijalia, nisikudanganye na wewe. Inawezekana nikifika nisilie vile vile, na dada zako wakashangaa huyu Msukuma ana moyo gani. Lakini nakuahidi hili: sitaosha vyombo. Sitabeba maji. Sitauliza nani anahitaji nini. Nitaingia nyumbani kwenu mikono mitupu, nitavua viatu mlangoni, na nitakaa chini na wenzangu kwa ajili yako, mpaka waseme tuinuke.

Pumzika, Ma Koku. Nimechelewa, lakini naja.

Mwanao,
Kabula